Giza la Mtu Mmoja

3 Februari

Kwa mdogo wangu, kitindamimba,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua za mwaka jana. Udhuru wa maana sina, na ule usio na maana siutaki. Barua yako niliipokea, nikaisoma, nikaiweka juu ya redio ili niijibu kesho yake, na kesho hiyo imekuwa ndefu kama unavyoona. Najua wako wanaomaliza mambo haya kwa simu. Mimi simu naipokea kwa moto na kwa msiba. Mengine yote yana adabu yake, nayo ni karatasi.

Hapa sote tu wazima. Wifi yako anakusalimu. Mjukuu ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anabishana na kila mtu. Mkwe wetu ameota kitambi na anakiita afya.

Sasa jambo lenyewe. Nyumba hii, ambayo nilitandaza nyaya zake kwa mikono yangu, imeamua kunitia aibu uzeeni. Taa ya sebuleni inazimika. Haizimiki kwa ghafla kama taa yenye heshima: giza linashuka kutoka juu, taratibu, kama mtu anayeteremsha pazia, linakaa muda wa kunywa chai nusu kikombe, kisha linapanda lilikotoka. Mara ya kwanza nilidhani ni balbu, nikaibadilisha. Mara ya pili nilinyoosha mkono nikachukua tochi, nayo ikagoma. Betri za siku hizi ni maganda matupu. Wifi yako, ambaye alikuwa amekaa chini ya taa hiyohiyo akitunga uzi kwenye sindano, anadai haikuzimika kamwe. Mwanamke huyu anaweza kubishana hata na giza.

Basi nimepanda darini. Nimefungua nusu ya mbao, na nyaya zinaning'inia juu ya meza ya kulia kama utumbo. Sijaona kiungo kilicholegea hata kimoja, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu nilivifunga mimi na sikumbuki kukosea.

Nakuomba uninunulie huko mjini mita ya kupimia nyaya. Yangu niliiazimisha kwa jirani, jirani akahama nayo. Na wewe je, bado unawapaka watu mafuta tumboni na kuwaambia ni mvulana?

Kaka yako mkubwa


11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Ipokee sasa hivi, kwa sababu baada ya hapo sitakuwa na adabu.

Sisi tu wazima. Shemeji yako amestaafu na sasa anasimamia sufuria zangu kama alivyokuwa akiwasimamia makarani wake. Jana ameniuliza kwa nini vijiko haviko katika mpango. Binti yetu amepata kazi mbali, na nadhani umbali huo aliuchagua.

Mita sinunui. Kaka, tochi haina waya darini.

Isome tena sentensi hiyo. Balbu mpya ilizimika, tochi ikagoma, na mke wako alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Mtu hatungi uzi gizani, hata akiwa mbishi kiasi gani. Jicho lako la kushoto liliunguzwa na cheche ulipokuwa fundi kijana, na tangu hapo linaona moshi tu. Unaishi kwa jicho la kulia. Likizimika hilo, dunia yote imezimika, nawe unakwenda kumtafuta mwizi kwenye dari.

Mimi siwapaki watu mafuta tumboni. Hao ni wenzangu wa chumba cha pili. Mimi napima mishipa. Kila upande wa shingo una mshipa mkubwa unaopandisha damu kichwani, na mahali unapogawanyika ndipo mafuta hupenda kujishika ukutani. Yakikaa miaka, hujenga kichuguu. Kipande kikimeguka, kinasafiri na damu. Kikienda jichoni, giza linashuka kisha linapanda. Kikienda kwenye ubongo, huenda lisipande tena. Giza lako ni hodi ya kiharusi, na hodi umeshapigiwa zaidi ya mara moja.

Kipimo chake ni altrasaundi. Hakichomi wala hakichani. Unapakwa jeli shingoni, unapitishiwa kifaa kinachofanana na mashine ya kunyolea, nacho kinatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti ikigonga kitu, inarudi na habari. Mafuta magumu, yenye chokaa, yanang'aa kwenye skrini na kutupa kivuli. Yale laini yanaonekana meusi, yamekaa kimya, na hayo ndiyo ya kuogopwa, kama mgeni anayesema hahitaji kitu.

Nimekupigia simu tangu asubuhi, unaikata. Nimempigia wifi, akasema uko darini na umepiga marufuku kuitwa. Basi barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa gari la dawa. Ukifika mstari huu, shuka kwenye ngazi uende hospitali.

Kitindamimba wako


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, kwa ile ya mwanzo. Yaliyofuata sikuyapokea.

Huku hali ni njema. Mjukuu ameota nusu ya jino na ameongeza ubishi kwa kiasi hichohicho. Mkwe alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, kiti kikajieleza kwa kupasuka.

Nimesoma maelezo yako juu ya mafuta, vichuguu na hodi. Ni mazuri, na yangemfaa mgonjwa. Mimi nimekwenda kwa muuza miwani, mtu mtulivu asiye na ndugu wa kunitisha. Amenitazama macho, amenipa miwani, na sasa namwona wifi yako kwa uwazi ambao hakuna kati yetu aliyeuomba. Giza halijashuka tena tangu niivae. Hiyo kwangu ni kazi iliyokwisha.

Hata hivyo, dari sijaiziba, kwa kuwa fundi hafungi kazi kabla ya kuona kosa. Juzi plaizi ilinitoka mkono wa kushoto ikamwangukia wifi yako kwenye mguu, naye akaniita jina ambalo nilidhani amelisahau. Mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa vibaya kwenye ngazi. Nilikunywa chai, ukaamka. Nakueleza ili usilisikie kwake limetiwa chumvi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye chumvi: shingo yako wewe nani ameipima? Chumvi unailamba kama ng'ombe. Na ile sigara unayoivuta juu ya paa la hospitali, ukidhani moshi hauna miguu, huku tuliisikia zamani.

Kaka yako


5 Machi

Kaka,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitakupa ukiwa mzima.

Mkono haukufa ganzi. Jicho la kulia na mkono wa kushoto vinapata damu kutoka mshipa mmoja, ule wa kulia wa shingo, kwa sababu nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayouendesha mkono wa kushoto. Umenitajia dalili mbili zinazoonyesha mahali pamoja, halafu umeniuliza kuhusu chumvi.

Muuza miwani ametengeneza dirisha. Kinachoungua ni nyumba.

Sitaki kumtaja baba, lakini utanilazimisha. Kwake yeye ulikuwa mshipa wa kushoto, ule wa maneno. Naye alisema mkono umekufa ganzi. Naye alikunywa chai. Kisha alikaa kwenye kile kiti cha kamba miaka minne akituonyesha vitu kwa kidole, na wewe ndiye uliyekuwa ukimkatia kucha.

Katika hospitali ya mji wenu yuko mwanafunzi wangu, binti mrefu, mkimya, mkono wake mwepesi kuliko wangu. Nimemweleza kila kitu. Nenda siku utakayoipata barua hii. Wifi nimeshampigia. Ukisoma haya, jua kwamba hukumu imepita na wewe unasomewa tu.

Kitindamimba


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima, akiwemo yule aliyehukumiwa.

Siku ile niliamka nikakuta ngazi haipo. Nikamwuliza wifi yako. Akasema, "Ngazi iko hospitali. Ifuate." Nikamwambia kwamba mwanamke hapaswi kugusa vifaa vya fundi. Akasema, "Plaizi nayo haipaswi kugusa mguu wangu," akanipa shati la kutokea. Mguu wenyewe bado umevimba, kwa hiyo sikuwa na hoja.

Mwanafunzi wako ana chumba kidogo chenye pazia la kijani ambalo halifiki chini, kitanda kilichotandikwa karatasi ya kukunjuka, na feni iliyogeuzwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mashine iko kwenye magurudumu. Niliona waya wake kabla sijaiona mashine.

"Lala, mzee," akasema.

"Kwanza niione plagi."

"Plagi inafanya kazi."

"Hata mimi nafanya kazi, na bado mmeniita nipimwe."

Akaniacha nikainama. Plagi imefungwa tepu mahali pawili, na tepu yenyewe ni ya kufungia maboksi. Nilimweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu aliniambia utaikagua. Akaniambia ukimaliza nikwambie: lala, fundi." Basi nikalala. Sikulala kwa sababu yako.

Jeli ni baridi, hilo hukuliandika. Alianza upande wa kushoto, akaniwekea sauti kwenye spika ili nisichoke. Nilisikia damu yangu: fuu, fuu, kama mtu anayepuliza chai bila haraka. Sikuwahi kudhani kwamba ndani yangu kuna mtu mstaarabu hivyo. Kisha akanigeuza, akaweka kifaa upande wa kulia, na ile sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, kali, ya kukwaruza, kama maji ya mpira wa bustani uliobanwa kwa kidole gumba.

Binti akaacha kuzungumza. Mtu wa kazi yoyote akinyamaza ghafla, mimi hushuka kwenye ngazi.

"Mbona huyu anakimbia?" nikauliza.

"Damu ikipita mahali pembamba hukimbia."

"Na umeme ukipita mahali palipolegea hutia moto."

"Sijui ya umeme, mzee."

"Ndiyo maana nimekwambia mimi."

Nikamwuliza anaona nini. Akasema picha ni zake, maneno ni ya daktari. Mwanafunzi wako ana adabu. Hasemi lisilo lake. Sijui aliipata wapi, maana kwako haipatikani.

Daktari alisema hivi: mshipa wa kulia umezibwa kwa kadiri ya robo tatu. Mafuta yenyewe ni yale meusi, na uso wake umechimbika kama ukuta ulioliwa na mchwa. Kushoto ni safi. Nimepewa vidonge ambavyo wifi yako anavihesabu kana kwamba ni vyake, na nimepelekwa kwa daktari wa upasuaji, ambaye anataka kunifungua shingo na kuusafisha mshipa. Nilimwambia nitafikiri. Alisema nisifikiri sana.

Sijakubali, na usinisukume.

Hujajibu swali langu. Nilikuuliza nani ameipima shingo yako, ukanijibu habari za baba. Mtu nikimwuliza jambo akageukia lingine, mimi huanza kufungua dari.

Kaka yako


29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Shemeji yako anakusalimu. Amepanga vijiko kwa urefu. Binti yetu amepiga simu akaniuliza kama baba yake ana kazi ya kufanya. Nikamwambia anayo, na kazi hiyo ni mimi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nalitafuta jibu lako. Nimepima shingo za watu maisha yangu yote ya kazi, na yangu nilikuwa nikiifunga skafu. Jumatano nilimwomba mwenzangu wa zamu anipime wakati wa mapumziko. Nikalala kwenye kitanda changu mwenyewe, ambacho ni kigumu kuliko ninavyowaambia wagonjwa. Jeli ni baridi, umesema kweli.

Upande wa kushoto, palepale pa kugawanyika, palikuwa na kitu kinachong'aa kama punje ya mchele, na chini yake kivuli. Unajua nilifanya nini? Nikamwambia mwenzangu kifaa kimeharibika. Akaleta kingine. Nikamwambia azime mashine aiwashe tena. Akazima, akawasha. Nilikuwa karibu kumwambia aite fundi, nikakumbuka utumbo unaoning'inia juu ya meza yenu, nikanyamaza.

Ni kidogo, ni kigumu, hakijaziba njia. Ni watoto wa baba mmoja mimi na wewe, hata kwa mafuta. Nimepewa vidonge kama vyako. Sigara nimeiacha, na naomba mtu yeyote asinitajie hilo, wala vijiko, kwa wiki kadhaa.

Mwanafunzi amenitumia picha zako. Nimezitazama muda mrefu kuliko zinavyohitaji kutazamwa, kama mtu anayetazama picha za harusi ya adui yake. Sikudanganyi, kaka. Kufunguliwa shingo si jambo la mchezo. Wako wachache wanaopata kiharusi palepale mezani, kilekile walichokuwa wakikikimbia. Lakini mshipa wako umeshaanza kutuma vipande. Kwa mshipa wa namna hiyo, kukaa kuna hatari kubwa kuliko kufunguliwa, na kila wiki unayoitumia kubishana, faida ya upasuaji inapungua. Umeshatumia nyingi.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Kuamua ni kwako. Sitakusukuma, kwa sababu nimejaribu na wewe ni mzito.

Kitindamimba wako


7 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba una punje tu. Mambo ya sigara sitayataja, kama ulivyoomba, ila wifi yako anasema mwambie shemeji avifiche viberiti.

Mjukuu amemaliza jino. Mkwe ameanza kutembea asubuhi. Anafika dukani, ananunua maandazi, anarudi. Anasema ni mwanzo.

Jana nilikwenda tena kwa daktari wa upasuaji, na safari hii nilikwenda na maswali. Ni mtu mdogo, vidole vyembamba, kucha zake safi kuliko za bibi harusi. Nilimwuliza: ukishaufungua mshipa, damu inapita wapi? Akasema anabana chini na juu, na muda wote huo upande wa kushoto unakibeba kichwa kizima. Nikamwuliza: na ukishindwa kukibeba? Akasema anaweka mrija, damu inapita humo mpaka amalize. Nikamwuliza ni nani anayeangalia kama kushoto kumezidiwa, maana yeye macho yake yatakuwa kwenye kazi. Akasema yuko mtu wa hilo tu, hana kazi nyingine. Nikataka nimwone mtu huyo. Akacheka, akaona mimi sicheki, akaenda kumwita. Alikuja mwanamke wa makamo, kandambili miguuni, mkate mdomoni. Nikamwuliza kama huwa anasinzia. Akameza mkate, akasema, "Mzee, mimi hata nyumbani sisinzii." Nikamwamini.

Hawa watu wanajua meni swichi, ile ya kuzimia nyumba nzima, iko wapi. Nimekutana na mafundi wengi wasiojua.

Nilikuwa na sababu zangu za kukawia, na sikukuandikia. Si kisu ninachokiogopa. Uliandika kwamba nilikuwa nikimkatia baba kucha. Hukuandika kwamba kila nikimaliza alikuwa akiufungua mdomo ili aniambie kitu, na hakikutoka, na mimi nilikuwa nikisema, "Naam, baba," kana kwamba nimesikia. Sitaki mjukuu aniambie "naam". Nataka anibishie. Ulisema kwamba mshipa wa baba ulikuwa ule wa maneno na wangu si huo. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Wifi yako hajanisukuma pia. Amefanya jambo baya zaidi. Jana tukiwa mezani alitazama juu, akasema kwa sauti yangu, tena neno kwa neno: "Kiungo kikianza kutoa cheche, hakitazamwi, kinakatwa, kinafungwa upya." Hiyo ndiyo sentensi niliyowaambia wateja kwa miaka arobaini. Sikujua kwamba alikuwa akisikiliza.

Dari nimeiziba. Ngazi ilirudi asubuhi, nikapigilia mbao zote, nikafagia. Sikupata kiungo chochote kilicholegea humo, na juu ya hilo sina la kuongeza.

Daktari anataka jibu Jumatatu. Nikishaamua nitakuandikia. Barua ikikufikia kwa mwandiko wa wifi yako, isome mpaka mwisho kabla hujaanza kulia, kwa sababu huenda ni mimi ninayemwambia la kuandika, nimelala chali, nimekatazwa kuinua kichwa, nikimsahihisha.

Kaka yako mkubwa